*Mimi* si mimi: majina ya manowari za Uingereza katika maandishi ya Kiswahili

Uandishi wa majina ya manowari za Uingereza katika vitabu vya rejea una kanuni zake. Kifupisho HMS, yaani meli ya mfalme au ya malkia, huandikwa kwa herufi zilizosimama, bila nukta. Jina lenyewe hufuata kwa herufi za mlazo. Na endapo meli kadhaa zimeitwa jina moja, mwaka wa kushushwa majini huwekwa katika mabano. Kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Waandishi wa Kiswahili ama huzichukua nzima nzima ama huzitupa, na njia zote mbili zina hasara.

Mfano ulio karibu umo katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha Katanga mashua mbili za injini, HMS *Mimi* na HMS *Toutou*. Toka Fungurume hadi Sankisia zilikokotwa nchi kavu kwa mitambo ya mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya watu, kisha zikaenda kwa reli na kwa mto Lualaba, na mwishowe kwa reli tena hata Kalemie. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka ziitwe *Cat* na *Dog*. Wakuu wa jeshi la maji walipokataa, alichagua majina ya kitoto ya Kifaransa yenye maana hiyo hiyo. Kwa msomaji wa London ni mzaha tu. Kwa msomaji wa Kalemie ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja.

Sentensi «Mimi ilishambulia *Kingani*», ikiandikwa bila mlazo, yaonekana kama kosa la mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mlazo huondoa utata huo katika karatasi. Lakini mlazo hausikiki, na makala nyingi za chuo husomwa kwa sauti ukumbini. Kiingereza hukataza kuweka neno «meli» mbele ya HMS, kwa kuwa herufi ya mwisho tayari ni meli. Katazo hilo halifai kwa Kiswahili, ambacho huhitaji nomino ya kuongoza upatanisho: «mashua ya vita HMS *Mimi* ilishambulia». (Kuiita manowari chombo cha mita 12 ni kukipamba mno.) Pasipo nomino hiyo, kalamu huteleza kwenye ngeli ya watu, nayo *Fifi* huwa mwanamke aliyepigana vita.

*Fifi* huleta shida nyingine. Hadi tarehe 26 Desemba 1915 chombo hicho kilikuwa *Kingani* ya Wajerumani. Kilipotekwa ndipo Waingereza wakakipa jina jipya. Jina liwe lile la siku ya tukio. Vivyo hivyo, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 ni *Graf von Goetzen*, siyo *Liemba*, jina ililolipata baada ya kuibuliwa na kurudishwa kazini mwaka 1927.

Wako wanaotafsiri HMS kuwa «Meli ya Mfalme». Mfalme yupi? Katika Kalemie ya mwaka 1915 bendera ilikuwa ya mfalme wa Wabelgiji. Unguja, mwaka 1896, *Glasgow* iliyozamishwa na Waingereza ilikuwa meli ya Sultani, na wenye rejea huiandika HHS. Afadhali kifupisho kibaki kama kilivyo, kielezwe mara moja tu.

Hata hivyo, kukihifadhi kifupisho kuna athari isiyotazamwa sana. Tarehe 9 Februari 1916, *Hedwig von Wissmann* ilipozamishwa, *Dix-Tonne* ya Wabelgiji ilikuwapo pamoja na *Mimi* na *Fifi*. *Alexandre Delcommune* ilikuwa imeshambuliwa tangu Agosti 1914, kabla Mwingereza yeyote wa msafara huo hajafika. Vyombo hivyo havina herufi tatu mbele ya majina yao, navyo katika masimulizi mengi hugeuka «boti ya Wabelgiji», bila jina wala mlazo, na fahirisi ya kitabu huviacha. Mwandishi wa Kiswahili anayenakili kutoka Kiingereza hunakili na uachaji huo. *Dix-Tonne* yastahili mlazo ule ule, na nafasi yake katika fahirisi, chini ya herufi D.