Juu ya Neno la Kiingereza «Breakfast»

Twaona walimu wengi hufundisha maneno ya Kiingereza yaliyounganishwa kwa kuyapasua vipande viwili, kisha kufasiri kila kipande peke yake. Njia hii yafaa mara nyingine. Lakini katika neno breakfast yaleta hasara. Break ni kuvunja, fast ni saumu. Basi mwanafunzi huandika, wala hasahihishwi, kwamba baba yake «huvunja saumu saa moja asubuhi». Kwa Kiswahili hayo si maneno ya chakula, ni mashtaka! Avunjaye saumu ameiharibu kabla ya wakati wake. Aliyeitimiza hata jua likachwa, huyo hufungua, au hufuturu. Jirani yetu Mwislamu akiisoma sentensi hiyo katika Ramadhani, atamdhania nini mzee yule?

Hatukatai kwamba asili ya neno ndiyo hiyo. Fast latokana na neno la kale lenye maana ya kushika imara, nasi pia twasema kufunga. Hivyo lugha mbili zisizo na udugu zimekutana katika fikira moja. Lakini Waingereza katika usemi wao wa kila siku hawaikumbuki tena saumu hiyo. Hata sauti imegeuka: hawasemi «breik», husema «brek». Tena kwao karamu ya arusi huitwa wedding breakfast, ijapoliwa alasiri. Ni nani aliyefunga hapo?

Wafasiri wa Biblia walikutana na jambo hili katika Yohana 21:12. Kiingereza cha 1611 kilitumia neno dine (nalo, kwa asili yake ya Kilatini, lilikuwa na maana ile ile ya kukata mfungo). Tafsiri iliyosahihishwa ya 1881 ikautaja mfungo waziwazi. Kiswahili cha Union Version ya 1952 kilichagua kufungua kinywa, nasi twaona kimeshinda, kwa kuwa habari yenyewe haitaji saumu yo yote, yataja wavuvi waliokesha kazini.

Kiarabu huita kwa shina moja chakula cha asubuhi na cha kufuturu. Kiswahili kimevitenga: futari ni ya jioni ya mfungo, asubuhi tuna staftahi, chamshakinywa na kifungua kinywa. Mwanafunzi na apewe haya kwanza, na habari za asili ya neno zingoje madarasa ya juu.