Uchi na Soni katika Wimbo wa Lawino

Aghalabu wahakiki wanapoujadili utungo wa Okot p'Bitek uitwao Wimbo wa Lawino, husema kwamba ugomvi wa Lawino na mumewe Ocol ni ugomvi wa ukale na usasa. Katika sehemu inayohusu ngoma, ugomvi huo hufasiriwa kuwa ni baina ya uchi na mavazi: mke anautetea mwili ulio wazi, mume anataka ufunikwe. Nami niliupokea ufafanuzi huo nilipokuwa masomoni ng'ambo, wala sikuutilia shaka. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ufafanuzi huo una kasoro, na kwamba chanzo kimojawapo cha kasoro hiyo ni msamiati tunaoutumia sisi wenyewe, walimu wa Kiswahili.

Tuutazame utungo wenyewe, uliotolewa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966 na baadaye kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa. Lawino anaisifu ngoma ya Waacoli kwa kuwa huchezwa uwanjani, mbele ya macho ya wote, na mwili haufichwi. Kisha anaigeukia dansi ya Wazungu. Jambo la kuzingatia ni kwamba wachezaji wa dansi hiyo wamevaa nguo zao kamili; hata hivyo Lawino ndiye anayeona aibu. Kwa nini? Kwa sababu mume wa mtu humkumbatia mke wa mwingine hadharani, na ndani ya ukumbi ule heshima ya ujamaa imetoweka: binti humshika baba, kaka humshika dada. Aibu ya Lawino, basi, haipimwi kwa wingi wa nguo. Hupimwa kwa swali moja: nani amesimama mbele ya nani?

Waacoli si Wabantu, lakini Kiswahili kina neno la kale linaloikaribia mizani hiyo, nalo ni soni. Wakikuyu husema thoni, Waganda husema ensonyi. Katika Kikuyu, neno muthoni lina maana ya mkwe, yaani mtu ambaye mbele yake ni lazima ujizuie. Soni, kwa hiyo, haikai katika ngozi ya mtu, bali katika uhusiano wake na wenziwe. Siku hizi, tunapouzungumzia mwili, aghalabu hutumia aibu, haya, fedheha na sitara, maneno yenye asili ya Kiarabu. Maneno hayo yamekaa nasi karne nyingi, nayo ni mali yetu halali, sisemi yafukuzwe. Nasema tu kwamba sitara, kwa maana yake ya kufunika, imeturahisishia kudhani kwamba palipo nguo ndipo palipo heshima.

Hata Pwani kwenyewe nguo ilikuwa pia kipimo cha cheo. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa alijulikana kwa uchache na uhafifu wa nguo zake. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijitafutia kanga, na baadaye buibui, ili nao wahesabiwe waungwana. Barani alikuja mmisionari, akaongeza lake: nguo ikawa dalili ya wokovu na ya ustaarabu.

Naye Ocol hayumo kitabuni tu. Katika miaka ya 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na kujipaka ngeu. Oktoba 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza marufuku ya sketi fupi kwa jina la kuulinda utamaduni wa taifa. Mmaasai alilaumiwa kwa kushika mila yake, na msichana wa Dar es Salaam kwa kuiga mila ya wageni. Lakini wote wawili walipimwa kwa futi ileile, futi ya misheni: nguo imefika wapi mwilini?

Kwamba mizani ya soni haijafa, historia ya Nairobi inathibitisha. Machi 1922, umma ulipodai Harry Thuku afunguliwe, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele ya wanaume waliositasita. Muda mfupi baadaye aliuawa kwa risasi. Machi 1992, baadhi ya kina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe walivua nguo walipovamiwa na polisi katika Uhuru Park. Kwa mizani ya sitara, kina mama hao walijifedhehesha. Kwa mizani ya soni, waliofedheheka ni askari, kwani mwana hapaswi kuuona uchi wa mama; akiuona, laana ni yake. Asiyeijua soni hawezi kulifasiri tendo hilo ila kwa kuliita wazimu.

Yamkini mtu akasema kwamba Lawino anatia chumvi. Ni kweli. Lawino ni mke aliyejeruhiwa, na utungo si shahidi wa kila jambo la kale. Lakini hoja yangu inahusu zaidi sisi tunaomsoma. Neno uchi katika Kiswahili hutaja hali ya kutovaa, na papo hapo hutaja sehemu za siri. Mwanafunzi anapoandika kwamba Waacoli walicheza "uchi", tayari amekwisha kuwahukumu, na hukumu hiyo ni ya Ocol. Na tumfundishe aandike kile kinachoonekana: kifua wazi, mafuta, shanga. Kisha aulize ni nani anayetazama, naye ni nani kwa anayetazamwa. Hapo Lawino atakuwa amesikilizwa kwa mara ya kwanza katika madarasa yetu.