"Kufunga" na "Kujinyima Nyama"

Tumepitia tafsiri kadhaa za historia ya Ulaya zilizokusudiwa kwa shule za sekondari, nasi tumekuta kosa moja likirudiwa. Maneno mawili ya Kilatini, jejunium na abstinentia, yote yamefasiriwa kwa kitenzi kimoja, "kufunga". Mwanafunzi anayesoma kwamba Wakatoliki wa zamani "walifunga" kila Ijumaa ataelewa kuwa hawakula wala kunywa mpaka jua lilipotua. Sivyo ilivyokuwa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliyatenga mambo haya waziwazi. Jejunium ilihusu kiasi: mlo kamili mmoja kwa siku, pamoja na chakula kidogo asubuhi na jioni. Iliwapasa waliotimiza miaka 21 mpaka walipouanza mwaka wa 60. Vinywaji havikuivunja. Abstinentia ilihusu aina ya chakula: nyama na mchuzi wake vilikatazwa, lakini mayai, maziwa, na hata mafuta ya mnyama ya kuungia chakula, viliruhusiwa. Hiyo ilimpasa kila aliyetimiza miaka 7. Basi mtoto wa miaka 10 hakufunga, lakini siku hizo nyama hakula. Mfasiri mwenye neno moja hawezi kuiandika sentensi hiyo.

Katika Zama za Kati masharti yalikuwa makali zaidi, kwani wakati wa Kwaresima hata mayai na siagi vilikatazwa. Mnara wa Siagi wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 15, ulipewa jina hilo kwa sababu ya michango ya walioruhusiwa kula siagi siku hizo. Anayedhani kufunga ni kutokula kabisa hataelewa kwa nini mtu alipie siagi.

Tafsiri moja ilisema kwamba "kitoweo kilikatazwa". Hapa mfasiri amekataza hata samaki, na samaki ndiye hasa aliyeliwa: wa chumvi na wa kukaushwa, mfano wa ng'onda wetu. Nyingine imekiita chakula kidogo cha jioni "futari". Futari huifungua saumu, ilhali chakula kile kililiwa ndani ya mfungo wenyewe.

Kwa maoni yetu, jejunium iitwe "mfungo" na abstinentia "kujinyima nyama". Wenzetu wengine wamependekeza "mwiko wa nyama", wakidai kwamba kujinyima ni hiari na hii ilikuwa sheria. Hoja hiyo ina uzito, ila mwiko umeshikamana mno na ukoo na uganga. Chakula kidogo cha jioni kiitwe hivyo hivyo, "mlo mdogo wa jioni", na futari iachiwe Ramadhani. Aidha, mfasiri auangalie mwaka wa matini yake kabla ya kuandika umri, kwani masharti hayo yalibadilishwa mwaka 1966 na tena mwaka 1983.