Uzamiaji na Watu wa Nchi Kavu

Uzamiaji ni ufundi wa kushuka chini ya maji, kukaa huko kwa muda ili kutazama au kufanya kazi, na kisha kurudi juu bila madhara, na katika hatua hizo tatu ngumu kuliko zote ni ya mwisho. Nchini Kenya ufundi huu umezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa starehe za watalii wa Diani na Watamu, na ni nadra kutajwa pamoja na Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani ambako mito mingi hukauka kwa miezi kadhaa na watu hufukua mchanga wa mto ili kupata maji ya kunywa. Hata hivyo, wenyeji wa nchi hiyo kavu wana haki ya kuujua ufundi huu na wana sababu nzito za kuutaka. Kizuizi kilichosimama mbele yao ni gharama, na gharama hiyo, ikichunguzwa sehemu kwa sehemu, inapungua kuliko inavyodhaniwa.

Msingi wa ufundi wenyewe ni uzito wa maji. Mtu aliye ufukweni hubeba kanieneo moja ya hewa, yaani mgandamizo wa hewa yote iliyo juu yake, na kila mita 10 za maji ya bahari humwongezea mgandamizo mwingine wa kiasi hichohicho, hivyo kwamba hewa iliyojaza chombo juu hubanwa ikawa nusu katika kina cha mita 10 na robo katika kina cha mita 30. Mzamiaji wa pumzi moja, kama walivyo wavuvi wengi wa pwani ya Waswahili, au wale wanawake wa Japani waitwao ama ambao kwa karne nyingi wamezamia kuchuma mwani na konokono wa baharini, hushuka na hewa aliyoivuta juu, na mapafu yake hurudia ukubwa wake anapopanda. Mzamiaji wa mtungi yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu huvuta hewa iliyobanwa akiwa hukohuko chini, na akiizuia kifuani huku akipanda, hewa hiyo hutanuka na inaweza kuyapasua mapafu. Ndiyo maana amri ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi ni kutozuia pumzi kamwe, amri inayopingana na silika ya kila mtu aliyewahi kutia kichwa majini.

Hatari ya pili haionekani. Naitrojeni, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa, huyeyuka katika damu na nyama kadiri mgandamizo unavyoongezeka, na mzamiaji akipanda kwa pupa gesi hiyo hutoka kwa mapovu yanayoumiza viungo, na pengine kupoozesha au kuua. Mwanafiziolojia John Scott Haldane wa Uingereza, baada ya majaribio yaliyofanywa kwa mbuzi, alichapisha mwaka 1908 majedwali ya kwanza yenye msingi wa kisayansi ya kumpandisha mzamiaji kwa hatua, na kanuni za leo zimejengwa juu ya kazi hiyo. Mwaka 1943, Mfaransa Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda kidhibiti kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta, tena kwa mgandamizo unaolingana na kina alichomo, na kifaa hicho kikaeneza uzamiaji usio na bomba linalomfunga mtu na mashua.

Lakini hayo yote ni masharti ya usalama tu. Uzuri wa ufundi uko katika kuelea. Fundi wa uzamiaji hazami wala hapandi, bali hutulia katikati ya maji umbali mdogo juu ya matumbawe asiyoyagusa, na hujiongoza kwa mapafu yake: akivuta pumzi ndefu huinuka kidogo, akiitoa polepole hushuka. Asiyeupata ustadi huu hupigapiga mikono, huvunja kwa mapezi yake matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na humaliza hewa ya mtungi mapema kuliko mwenzake aliyetulia. Ni fani chache zinazompima mtu kwa utulivu namna hii, na ni chache zaidi zinazomwonyesha mara moja kwamba hofu yake ina gharama, kwa kuwa kila wasiwasi huonekana kwenye kipimo cha hewa ya mtungi. Wazamiaji huenda wawili wawili, kila mmoja akiwa mlinzi wa pumzi ya mwenzake, na kwa kuwa maneno hayasikiki chini husemezana kwa ishara za mikono. Mtu anayejifunza kazi hii hujifunza pamoja nayo adabu ya kumtazama mwenzake kila wakati, na adabu hiyo inastahili sifa zaidi ya kina chochote alichofika.

Kuhusu gharama, hewa yenyewe haiuzwi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa kanieneo 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa, na kinacholipiwa ni mashine ya kuibana, mafuta yake, vifaa, mwalimu, na zaidi ya yote mashua, kwa kuwa matumbawe ya pwani ya Kenya yamejipanga kama ukuta ng'ambo ya maji mafupi na kwa kawaida hayafikiwi na mzamiaji kwa miguu. Nchini Japani, kwa mfano, anayeishi Tokyo na kutafuta uzamiaji wa bei nafuu huelekea rasi ya Izu, ambako ziko sehemu za kuingilia majini moja kwa moja kutoka ufukweni. Nafuu hiyo ni haba Kenya. Tena, bei za vituo vingi vya pwani hutangazwa kwa dola au yuro, hivyo kwamba mtu wa Mutomo, Kitui, au wa Kibwezi, Makueni, hukutana na bei ya mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe, jambo ambalo linafaa kusemwa waziwazi kuwa ni kasoro.

Nafuu hupatikana kwa kuugawa mzigo. Kozi ya kwanza, inayomruhusu mtu kushuka hadi mita 18, ina nadharia inayosomeka nyumbani, mazoezi yanayofanyika katika bwawa la kuogelea, na mizamo minne tu ya baharini, na cheti chake hakina tarehe ya kuisha; mtu hulipa mara moja. Kabla ya hapo sharti ajue kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, na hilo linaweza kufunzwa mbali na bahari. Vifaa vikodishwe, ila miwani ya kuzamia ndiyo inayofaa kununuliwa mapema, kwa sababu ni lazima ishike uso wa mwenyewe barabara. Ada ya kuingia katika hifadhi za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, ni ndogo sana kwa raia ikilinganishwa na anayotozwa mgeni, na mashua inayokodishwa na kikundi hugawanya bei yake kwa vichwa. Watu wa Ukambani, waliozoea kulima, kujenga na kuchanga kwa vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya jirani vya kusaidiana kazi kwa zamu, hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Safari nayo imerahisika. Treni iliyoanza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali, vyote vitatu katika Makueni, na barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui humfikisha mtu wa Kitui kwenye njia hiyohiyo. Lakini hapa pana jambo ambalo mwenyeji wa Mombasa hana haja ya kulifikiria na mwenyeji wa mji wa Wote, Makueni, au mji wa Kitui, miji iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hana budi kulijua: kupanda mlima mara baada ya kuzama ni sawa na kupanda ndege, kwa kuwa hewa hupungua uzito na naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kutoa mapovu njiani. Ushauri wa kawaida kwa anayetaka kupanda ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Kwa hiyo usiku mmoja wa ziada pwani uwekwe katika bajeti tangu mwanzo, na asiwepo anayejaribu kubana pesa mahali hapo.

Uhusiano wa kaunti hizi na bahari ni mkubwa kuliko safari za watu. Mto Athi, ambao kwa sehemu ndefu ndio mpaka wa Kitui na Makueni, hubadili jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi ukiwa na udongo mwekundu wa bara. Mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani, hunyesha wakati upepo wa kaskazi unapoanza, na mkondo wa majira hayo huyasukuma matope kusini kuelekea matumbawe ya Malindi. Wanasayansi waliolichunguza tumbawe moja la huko lenye umri wa miaka 300 hivi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walisoma katika tabaka zake kwamba udongo ulioletwa na mto ulikuwa wa kiasi kilekile hadi karibu mwaka 1900, kisha ukazidi kuongezeka. Mkulima wa Makueni anayechimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu ili uzuie maji yasikimbie na udongo, humsafishia mzamiaji wa Malindi maji yake. Mabwawa ya mchanga ya Kitui, yaani kuta fupi za zege zinazokatiza mto wa msimu na kukusanya mchanga unaohifadhi maji, hushika mchanga mzito tu na kuachia matope laini yapite, kwa hiyo yanahitaji matuta kwenye miteremko iliyo juu yake.

Ipo sababu ya mwisho ya kuutaka ufundi huu, nayo ni ya huzuni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake, ambao baadaye walizikwa Makueni, na wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji pamoja na wenzao walihangaika kwa siku 13 hadi lilipoopolewa kutoka kina cha mita 58, mahali penye mgandamizo unaokaribia mara saba ya ule wa juu na mwanga hafifu mno. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Katika maji ya mafuriko miwani haina faida. Mzamiaji hufanya kazi kwa kupapasa, akishindana na mkondo, na walioingia Enziu siku hizo, wenyeji na wanajeshi, waliutumia ufundi huu katika hali yake tukufu kuliko zote.

Panapokutana mito ya Thwake na Athi, mpakani mwa kaunti hizi mbili, ujenzi wa bwawa ulianza mwaka 2018, na ukuta wake umekusudiwa kuwa na kimo cha zaidi ya mita 80, mara mbili ya kina cha mita 40 ambacho ndicho kikomo cha uzamiaji wa burudani. Maji hayo yatakuwa na wavuvi, mashua na watoto wa kuogelea, na yatakuwa mbali sana na wazamiaji wa Mombasa. Serikali za Kitui na Makueni zina vyuo vya ufundi vinavyofundisha uashi, ushonaji na umeme. Ziongeze uogeleaji na uzamiaji wa uokoaji, ziwalipie vijana wachache wa kwanza kozi ya pwani, na zifanye hivyo kabla bwawa la Thwake halijajaa.