Diski ya Kasi Kwenye Kompyuta ya Mtumba

Msimu wa harusi Singida hufuata mavuno. Alizeti ikishauzwa, sherehe zinapangana Jumamosi hadi Jumamosi, na studio za video mjini zinajikuta na kazi ya wiki hii juu ya kiporo cha wiki iliyopita. Hapo ndipo eksteno inapoanza kulaumiwa: picha inakwama, programu inaganda, faili linahama saa nzima. Fundi anasema nunua SSD. Ushauri si mbaya, ila ni nusu ya jibu. SSD ikichomekwa kwenye kompyuta iliyozeeka hutoa kile tu ambacho tundu, kebo na kasha lake vimeruhusu, na mara nyingi kinachoruhusiwa ni kidogo.

Tuanze na uzito wa mzigo. Kamera ya aina ya Sony A7 III ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza karibu GB 45 kwa saa. Kamera tatu, kila moja saa nne, kuanzia kanisani au kwenye nikahi mpaka ukumbini, zinaleta GB 540. Kuupandisha mzigo huo mtandaoni kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, tena isiyoyumba, ni saa 60. Mhariri aliyeko Dar es Salaam ataupata mapema zaidi ukipakiwa kwenye basi.

Sasa tazama mzigo huo unapoingia kwenye kompyuta. Kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa kazi halisi hupitisha MB 35 hivi kwa sekunde, GB 540 zinachukua zaidi ya saa nne. Hamia USB 3.0 na kisoma kadi kizuri, muda unashuka hadi saa moja na dakika 40. Hapo unagota, hata diski yako iwe na kasi ya MB 3,500, kwa sababu kadi nyingi za kamera ni za UHS-I na ukomo wa mfumo huo ni MB 104 kwa sekunde. Wauzaji hawalisemi hili: kwa kunakili kadi mojamoja, SSD ya bei mbaya na eksteno ya kawaida yenye afya zinakaribiana sana. Tofauti inajitokeza ukichomeka visoma kadi viwili kwa pamoja. Diski ya kuzunguka inaanza kuhangaisha sindano yake huku na huko. SSD wala haishtuki.

Mashine tunayoichambua ni Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, toleo la 2012, kompyuta ya ofisi iliyokuja nchini ikiwa mtumba kama maelfu ya wenzake. Ina matundu manne ya USB 3.0, mawili mbele na mawili nyuma. Mengine sita ni USB 2.0. USB 3.0 inatangazwa kuwa ya gigabiti 5 kwa sekunde. Ukiondoa namna data inavyofungashwa njiani, unabaki na MB 500, na kwa vitendo ukipata 400 na kitu shukuru. Kwa SSD ya SATA hiyo inatosha kabisa. Kwa SSD ya NVMe, ni sawa na kununua lori la tani 30 wakati njia ya kufika shambani ni ya baiskeli.

Njia inapanuliwa kwa kadi ya PCIe yenye matundu ya gigabiti 10, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Fungua kava utaona nafasi mbili ndefu zinazofanana. Ya kwanza ni PCIe 3.0 yenye njia 16, ambayo kwa kawaida imekaliwa na kadi ya picha. Ya pili ina urefu uleule lakini ndani yake zimeunganishwa njia nne tu, tena za PCIe 2.0, kila njia ikipitisha MB 500. Kadi nyingi za gigabiti 10 zinatumia chipu ya ASMedia inayoshika njia mbili. Kwa hiyo kwenye nafasi hiyo ya pili unapata MB 1,000 za karatasini, na mkononi kitu cha 800. Hujapata gigabiti 10 kamili, lakini umepata karibu mara mbili ya ulichokuwa nacho bila kuing'oa kadi ya picha. Anayekuuzia kadi ya Thunderbolt kwa mashine hii hajui anachouza, au anajua sana.

Kuna vitu viwili vidogo vinavyokwamisha kazi hii. Kwanza, kava la umbo dogo linataka kadi yenye bati fupi la mgongoni, na kadi nyingi zinakuja na bati refu; hakikisha boksi lina yote mawili kabla mzigo haujaondoka Kariakoo. Pili ni umeme. Tundu la kawaida la USB 3.0 limekadiriwa kutoa wati 4.5, wakati SSD ya NVMe ikiandika kwa nguvu inaweza kutaka zaidi ya hapo. Matokeo yake ni diski inayopotea ghafla katikati ya kazi, na watu wanadhani imekufa. Chagua kadi inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai ya kompyuta, na utumie tundu la Type-C.

Halafu kebo. Kebo ya Type-C ya kuchajia simu, zile zilizojaa kila kona ya mji, nyingi ndani yake ni za USB 2.0. Inaingia vizuri, diski inaonekana, kila kitu kinafanya kazi, kwa MB 35 kwa sekunde. Itumie kebo iliyokuja na kasha.

Je, diski yenyewe inahitajika kweli? Inategemea unavyohariri. Video ya kamera ni nyepesi kwa diski: kamera tatu kwa pamoja hazifiki MB 40 kwa sekunde. Kinachokwama mara nyingi ni prosesa, inayolazimika kufumua 4K tatu kwa mpigo. Ukitengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za 1080p, prosesa inapumua na hata eksteno ya zamani inamudu. Lakini ukigeuza picha zote kuwa ProRes 422 ya 4K ili usahihishe rangi vizuri, kila kamera sasa inadai zaidi ya MB 61 kwa sekunde, tatu zinakuwa 184, na eksteno ya kubebeka inayokimbia MB 120 hivi imeshazidiwa. Hapo SSD inalipa gharama yake. Mimi ningeanza na proksi, nikaona kazi inaelekea wapi, ndipo nifungue pochi.

Ukinunua, jihadhari na SSD za QLC za bei chee. Zinaandika kwa kasi mpaka sehemu yao ya akiba ijae, kisha zinaporomoka hadi kasi ya diski ya kuzunguka au chini yake. Kwa GB 540 utafika huko. Na ile ya TB 16 inayouzwa bei ya flashi ni wizi mtupu. Programu ya bure iitwayo H2testw inaijaza diski yote na kuisoma tena, kwa hiyo uongo hauna pa kujificha. Kasha liwe la alumini, na lisiwekwe karibu na feni inayovuta vumbi. Kwa upepo wa Singida, hilo si jambo dogo.

Kwa nini iwe ya nje, wakati nafasi hiyohiyo ya PCIe ingeweza kubeba NVMe ndani na kwa kasi kubwa zaidi? Kwa sababu umeme unakatika. Diski ya nje inachomolewa, inahamia kwenye laptopu, na kazi inaendelea. Ila ichomolewe kwa utaratibu. Iumbize kwa NTFS, inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko na kustahimili kuzimika ghafla kuliko exFAT. Tangu Windows 10 toleo la 1809, mfumo wenyewe huweka diski za nje kwenye hali ya kuchomolewa haraka, ambayo inapunguza kasi ya kuandika lakini inalinda faili. Iache hivyo. Wanaoibadilisha ili wapate kasi zaidi wawe na UPS, hata ndogo inayotoa dakika chache za kufunga kazi.

Kazi ikishakabidhiwa, video zihamie kwenye diski mbili za kuzunguka, moja ikae nje ya studio. SSD si ghala: viwango vya JEDEC vinaitaka SSD ya kawaida iliyotumika hadi mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa itunze data mwaka mmoja tu bila umeme, tena kwenye nyuzi 30. Ifute, ichomeke tena, Jumamosi kuna harusi nyingine.