Ufundi wa Kuchagua Mfano

Pembezoni mwa Doha, katika Education City, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi tangu 2004, na Georgetown ni jirani yake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huruhusiwa kusoma masomo kwa jirani. Mwalimu wa isimu kompyuta basi aweza kumkuta mwandishi wa programu asiyejua kiambishi ni nini, ameketi na msomi wa siasa ambaye hajawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Kuwafundisha pamoja, huyu asichoke na yule asiogope, ni ufundi ninaouheshimu sana, na kwangu kiini chake ni kuchagua mfano.

Andika ubaoni “hatukupenda” na “hatukupendi”, kisha uliza: “ku” ni nini? Katika neno la kwanza inabeba wakati uliopita. Katika la pili inakutaja wewe. Kinachoamua ni irabu ya mwisho, iliyo mbali na “ku” yenyewe. Msomi wa siasa aliyekulia Mombasa anajua tofauti tangu utotoni, ila hajawahi kuulizwa sababu. Mwandishi wa programu hajui Kiswahili, lakini tatizo analiona papo hapo: mashine inayosoma herufi moja moja lazima ibaki na mashaka mpaka mwisho wa neno. Sasa wanahitajiana. Mmoja anachora vituo ambavyo mashine hiyo hupitia na njia za kuviunganisha. Mwenzake anamletea “hatukukupenda”, mchoro unakwama, wanaanza upya. Hakuna aliyetamka istilahi yoyote, na somo limekwisha kuanza.

Istilahi ije baada ya kuhitajika. Ndipo utaje mofolojia ya ngazi mbili, njia ya kuchambua maumbo ya maneno kwa vituo kama hivyo, aliyoibuni Kimmo Koskenniemi huko Helsinki mwaka 1983. Arvi Hurskainen aliitumia kwa Kiswahili. Kemal Oflazer aliitumia kwa Kituruki, na baadaye akafundisha papo hapo Doha. Mwanafunzi aliyekwisha kuchora vituo vyake huyapokea majina hayo kama ya watu waliomtangulia njiani.

Kisha wape gazeti la Kiarabu la mjini humo. Irabu fupi hazikuandikwa: herufi tatu, k-t-b, zaweza kusomwa “aliandika”, “vitabu” au “iliandikwa”. Safari hii hakuna irabu ya mwisho ya kungojea. Inabidi kutazama maneno ya jirani na kuhesabu ni lipi huandamana na lipi, na hapo darasa lenyewe ndilo linaloomba kufundishwa takwimu.