Dhana ya "Kupima" katika Ufafanuzi wa Kichanganuzi Mtandao cha Kivekta: Uhakiki

Ufafanuzi uliozoeleka husema kuwa kichanganuzi mtandao cha kivekta ni kifaa kinachopima sifa za saketi katika masafa ya juu. Ufafanuzi huu una kasoro mbili. Kwanza, jina la kifaa limefasiriwa neno kwa neno. Pili, kitenzi "kupima" kimetumika bila kuhojiwa. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kasoro ya pili ina madhara makubwa zaidi, kwani humfanya msomaji aamini namba asizopaswa kuziamini.

Tukianza na jina, neno "mtandao" humpeleka msomaji wa leo kwenye intaneti. Katika taaluma hii, mtandao ni kitu chochote chenye mlango mmoja au zaidi wa kupitishia wimbi la umeme: kebo, kichujio, kikuzasauti cha redio au antena. Neno "kivekta" nalo halihusiani na mishale ya mwendo na kani inayofundishwa sekondari. Linaonesha kuwa kila jibu la kifaa ni namba changamano, yenye ukubwa na fezi. Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Ncha ya kebo iliyoachwa wazi hurudisha nishati yote, na ncha iliyopigwa shoti vilevile hurudisha nishati yote. Kifaa kinachosoma ukubwa pekee hakiwezi kuzitenganisha. Kinachozitenganisha ni fezi, ambayo hutofautiana kwa nyuzi 180.

Utendaji wa kifaa unadhihirisha udhaifu wa kitenzi "kupima". Chanzo kilichomo ndani hutoa wimbi la masafa yanayojulikana, kisha huyabadilisha masafa hayo hatua kwa hatua. Viunganishi elekezi hutenga wimbi linalokwenda na wimbi linalorudi. Vipokezi hushusha masafa ya mawimbi hayo bila kupoteza uhusiano wa fezi zake. Jibu linalotolewa ni uwiano: wimbi lililorudi kwa wimbi lililotumwa, au wimbi lililotokea mlango wa pili kwa wimbi lililoingia mlango wa kwanza. Uwiano huo ndio uitwao vigezo vya mtawanyiko. Kwa hiyo, kimsingi, kifaa hulinganisha.

Ulinganisho huo pia hauko safi. Viunganishi huvujisha sehemu ya wimbi linalokwenda hadi kwenye kipokezi cha wimbi linalorudi, chanzo huakisi, kebo hubadilisha ukubwa na fezi. Ndiyo maana mtumiaji huunganisha kwanza vitu ambavyo tabia zake zinajulikana: ncha wazi, shoti na mzigo wa omu 50. Kwa kipimo cha mlango mmoja, vitu hivyo vitatu hutosha kukokotoa makosa matatu ya msingi na kuyaondoa. Kifaa cha Hewlett-Packard 8510, kilichotolewa mwaka 1984, kiliingiza mahesabu hayo ndani ya mfumo wenyewe. Wepesi huo ulikuwa na manufaa, lakini uliifanya kazi ya usahihishaji isionekane machoni pa mtumiaji.

Mfano mmoja unatosha kuonesha hatari iliyopo. Chukua kebo inayopoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, na ugezi uliofanywa mwanzoni mwa kebo badala ya mwishoni. Hata kama antena imeng'oka kabisa, wimbi litapungua nusu likienda na nusu tena likirudi. Kifaa kitaonesha kuwa robo tu ya nguvu imerudi. Msomaji wa namba hiyo atadhani robo tatu zimerushwa hewani, ilhali zimegeuka joto ndani ya kebo. Kadhalika, mzigo wa omu 50 huonesha mwakisiko mdogo kuliko antena nyingi nzuri, lakini haurushi chochote. Kifaa hakijadanganya katika hali yoyote kati ya hizo. Kimejibu swali tofauti na lile lililokusudiwa.

Yawezekana kudai kuwa vipimo vyote ni ulinganisho, hata mizani ya sokoni, hivyo hakuna haja ya kukilaumu kitenzi hiki. Dai hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mwenye mizani huliona jiwe la kulinganishia. Mwenye kichanganuzi huona mchoro tu. Kiswahili tayari kina neno "ugezi", linalotumika katika taasisi za viwango Tanzania, na mzizi wake, "geza", una maana ya kulinganisha na kufuatisha. Ufafanuzi unaofaa ungesema kuwa kichanganuzi mtandao cha kivekta ni kifaa kinacholinganisha, kwa ukubwa na fezi, mawimbi yanayoingia na yanayotoka katika milango ya saketi, kwa kurejelea mahali ugezi ulipofanyiwa. Ufafanuzi huo ni mrefu zaidi, lakini unamlazimisha mwanafunzi kuuliza swali ambalo ule wa awali unalifunika: namba hii imegezwa wapi, na kwa kitu gani?